Mdogo wako si mzembe

Pole dada. Umeuliza kwa nini mdogo wako, aliyefaulu vizuri darasa la saba huko Tukuyu, sasa yuko kidato cha kwanza na hafungui mdomo darasani. Miaka 7 amesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili, halafu ghafla karibu kila somo limegeuka Kiingereza! Mimi yalinikuta Iringa: usanisinuru, yaani jinsi mimea inavyotumia mwanga kujitengenezea chakula, niliujua vizuri, lakini kuueleza kwa Kiingereza nilishindwa, nikaonekana sijui kitu. Iliniuma sana. Tahajia nayo ilinitesa. Kiswahili unakisoma kilivyoandikwa, ila “though”, “through” na “cough” zinamalizikia herufi zilezile, kila moja na sauti yake. Mwambie asome kwa sauti jioni, hata robo saa. Akikosea, tafadhali msimcheke.