Nilijifungulia sebuleni, lakini usinifuate kichwakichwa

Tangu nibandike ile picha ya mwanangu amelala kifuani kwangu, bwawa la plastiki nililojifungulia likichungulia nyuma ya sofa, simu yangu haijapumzika. Pongezi nazipokea zote, sizikatai, maana kazi niliifanya. Ila ujumbe ulionikalisha chini niandike ni wa dada mmoja wa Handeni. Ana mimba ya kwanza, mwezi wa saba. Kaandika: "Dada, umenipa moyo. Hospitali wanatutukana tu. Na mimi nazalia nyumbani, bibi atanishika. Nipe siri."

Haya, siri nitaitoa. Ila kwanza nieleze nilikotoka, maana najua wengi mnaonisoma mnatamani hiki nilichokipata, na mnakitamani kwa sababu zilezile zangu.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia hospitali, Dar es Salaam. Jina la hospitali nalihifadhi. Mama yangu aliachwa nje ya mlango na chupa yake ya chai, akaambiwa huku ndugu haingii. Mimi nikalazwa chali, nikikataa naambiwa nitamuua mtoto. Uchungu ulipokolea nikapiga kelele, muuguzi akaniuliza mbele ya wenzangu, "Siku ile mbona hukupiga kelele?" Wenzake wakacheka. Nikashonwa ganzi haijashika. Mtoto alitoka mzima, namshukuru Mungu, na kwa hilo kila mtu alinitaka ninyamaze: mtoto si mzima, unalalamika nini? Mtoto wangu sasa anasoma, na sauti ya yule muuguzi nikiisikia sokoni leo nitaijua.

Basi tulipohamia Leicester, Uingereza, kwa kazi ya mume wangu nikashika mimba ya pili, mkunga wa kliniki akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: unapenda ujifungulie wapi? Hospitali kwa madaktari, kitengo cha wakunga, au nyumbani kwako. Nilidhani ananitania. Kumbe huku ni haki ya mjamzito kuchagua, ingawa wanaojifungulia nyumbani ni wachache, hawafiki 3 katika kila wazazi 100.

Sikukubali siku hiyo. Niliuliza, nikasoma. Uingereza walifanya utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2011, wakafuatilia wanawake zaidi ya 64,000 wenye mimba zisizo na matatizo. Kwa aliyekwisha kuzaa, nyumbani na hospitali usalama wa mtoto haukutofautiana. Kwa mwenye mimba ya kwanza ilikuwa habari nyingine: waliopanga kuzalia nyumbani, watoto waliopata matatizo makubwa walikuwa kama 9 kati ya 1,000, hospitalini walikuwa 5. Na katika hao wa mimba ya kwanza, 45 kati ya 100 walihamishiwa hospitali uchungu ukiwa umeanza au baada tu ya kujifungua. Dada wa Handeni, hapo naomba upasome tena.

Mimi nilikuwa na mimba ya pili. Presha nzuri, damu ya kutosha, mtoto mmoja, kichwa kimetangulia, sijawahi kupasuliwa wala kuvuja damu. Hospitali iko karibu, gari la wagonjwa linafika mlangoni. Mkunga aliyapitia haya moja baada ya jingine kabla hajaandika ndiyo.

Shida ikawa Tanga, kwa mama. Mama aliposikia akakata simu. Akapiga tena kesho yake: "Nimekusomesha, umefika mpaka Ulaya, unarudi kuzalia chini kama bibi yako?" Nikamjibu bibi alizaa tisa Pangani, wote nyumbani. Akaniambia, "Tisa, na waliokua sita. Hao watatu umewaweka wapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo kila nikisikia mtu anasema wanawake wa zamani walikuwa imara, nawakumbuka hao wajomba zangu ambao hata majina hawakuachiwa.

Tukaendelea na maandalizi. Ya miezi ile ya katikati siyasimulii: kutapika, kliniki, kununua taulo.

Uchungu ulinianza jioni nikiwa nakaanga samaki. Nilimalizia samaki (msinicheke, walikuwa changu, huku ni bei). Usiku ulipokaza, mume akapiga namba tuliyopewa, mkunga akaja na mabegi kama anahamia. Alikuwa mama wa makamo, mpole, hana haraka. Aliyafungulia mabegi juu ya meza ya chakula, na hapa nataka mwangalie pamoja nami, maana picha yangu haikuonyesha meza ile. Mtungi wa oksijeni. Barakoa ndogo mno na mfuko wa kumpulizia mtoto hewa asipolia. Sindano za kukaza mji wa mimba damu ikizidi. Dripu. Nyuzi. Mizani. Mtungi wa gesi ya kuvuta kupunguza maumivu, ambayo niliivuta mara chache nikaanza kumcheka mume wangu bila sababu. Kila robo saa aliyasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa kile kimashine cha mkononi, akayaandika. Hakuna aliyenilaza chali. Nilitembea, nikaegemea friji, nikapiga magoti kwenye sofa, nikamwita mama yangu kwa sauti ambayo jirani wa ukutani bila shaka aliisikia, na hakuna aliyeniuliza swali la kijinga.

Bwawa nalo lina visa vyake. Maji ya moto ya bomba yaliisha likiwa nusu. Mume wangu akawa anachemsha kwa birika, kwa sufuria la pilau, kwa kila chombo, na mkunga anapima joto asije akanipika. Halitakiwi kuzidi nyuzi 37.5. Nilipoingia yale maji nikanyamaza. Maumivu hayakuondoka, asikudanganye mtu, ila mgongo ulipata pa kupumzikia.

Njia ilipokaribia kufunguka yote akaitwa mkunga wa pili, maana kwenye kuzaliwa wanataka wawe wawili: mmoja wa mama, mmoja wa mtoto. Nikasukuma nilipotaka mwenyewe kusukuma. Mtoto alitokea majini, nikampokea kwa mikono yangu, wakanisaidia kumnyanyua, akalia. Mume wangu akamwadhinia sikioni huku machozi yanamtoka, suruali imelowa hadi magotini. Kitovu hawakukimbilia kukikata, waliacha kwanza kiache kupiga. Na sikushonwa hata uzi mmoja. Nalisema hili kwa majivuno, najua, na sitalifuta.

Halafu nikatolewa majini kwa ajili ya kondo, na nikachomwa sindano pajani ya kuzuia damu. Wapo dada zetu wa mitandaoni walioniandikia kwamba kwa sindano ile "nimeharibu asili". Asili ndiyo iliyomchukua shangazi wa mume wangu kwa kuvuja damu baada ya kujifungua, kabla gari halijapatikana. Wakunga walipima hata pedi zilizolowa, wakazitia kwenye mizani wajue nimepoteza damu kiasi gani. Wifi yangu akaja alfajiri na uji wa pilipili manga, akanikanda maji ya moto, na mama kwa simu hakuuliza mtoto anafanana na nani. Aliuliza kondo limezikwa wapi. Nyumba yenyewe ya kupanga! Mume wangu alilichimbia kando ya mapipa ya taka usiku, akitazama kulia na kushoto kama mwizi wa kuku.

Sasa turudi kwa mwenye ujumbe, na wengine wenye mawazo hayo, mnisikilize vizuri.

Siri yangu ni meza ile. Ushujaa ninao kama ulionao wewe. Dar nilikuwa mwanamke huyuhuyu. Kilichobadilika ni watu wawili waliosomea, vifaa vyao, na hospitali iliyokuwa tayari kunipokea. Bibi yako ana mikono mizuri na dua nzuri, mdogo wangu, lakini damu ikifika nusu lita na bado inatoka, mikono na dua havitoshi; hapo inatakiwa sindano, tena ndani ya dakika. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini: wakunga walitumia plastiki yenye alama za vipimo inayotandikwa chini ya mzazi kukinga damu, ikifika kiwango wanampa tiba zote kwa pamoja bila kusubiri. Kuvuja damu kukubwa kulipungua kwa asilimia 60. Kwa kipande cha plastiki na watu wanaojua la kufanya! Nyumbani kwa bibi hakuna hata kimoja cha hivyo.

Na nyumbani Tanzania mambo yamesogea, tusiseme uongo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha wanawake 81 kati ya 100 walijifungulia vituo vya afya, na vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi vilihesabiwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, ilhali ule wa 2015/16 ulihesabu 556. Hayo hayakuja kwa kuzalia nyumbani kwa bibi.

Kwa hiyo nenda kituoni, ila usiende kimya. Shirika la Afya Duniani tangu 2018 limesema wazi: mjamzito awe na mtu anayemtaka pembeni yake, asilazimishwe kulala chali, na asiharakishwe eti kwa sababu njia haifunguki sentimita moja kila saa. Nenda na bibi yako kliniki sasa hivi, uliza kama ataruhusiwa kuingia. Wakikataa hapo, uliza kituo cha pili. Uliza usiku kuna nani zamu. Kama mnakaa mbali, wiki za mwisho hamieni kwa ndugu aliye karibu na kituo, na hela ya bodaboda au gari iwekwe pembeni isiguswe hata kwa msiba. Uliza, uliza tena. Mwenye kuuliza wanamtukana mara mbili, ya tatu wanamjibu.

Na ninyi wauguzi mnaonisoma, maana najua mpo: huyu binti anamkimbia nani? Hakimbii kitanda wala sindano. Mshahara mdogo nakubali, wagonjwa wengi nakubali, ila kumwambia mwenzako neno jema hakuhitaji bajeti.

Walio Ulaya wenye mimba ya pili na afya njema, mwulizeni mkunga wenu mapema, na akisema hapana mwelewe. Wanaouliza bwawa: liko kwa dada mmoja wa Nottingham, anatarajia mwezi ujao, baada yake kuna mwingine wa Birmingham. Plastiki ya ndani na mpira wa maji mnunue vipya, na mpime kwanza kama boila yenu inatosha.