Baridi ya Mbeya mwezi wa sita

SWALI: Shikamoo mhariri. Nimehamia Uyole kikazi natokea Dar, huku asubuhi ukiongea moshi unatoka mdomoni na majani yana sakitu nyeupe (umande ulioganda), kwani jua si lilelile? Na vuli mbona sikuisikia? Usiku nalala na jiko la mkaa ndani, kuna shida?

JIBU: Marahaba, pole na karibu nyanda za juu. Naanza na jiko maana hilo ndo linanitisha, litoe nje leo leo! Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, mtu anapitiliza usingizini na haamki tena. Ota moto jioni hukohuko nje, halafu nenda soko la Mwanjelwa katafute sweta na blanketi zito la mtumba.

Jua ni lilelile ila Dar iko usawa wa bahari na Mbeya iko kama mita 1,700 juu, na ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi. Halafu Juni mpaka Agosti anga usiku halina mawingu, joto la ardhi lote linapaa, ndo maana alfajiri inauma kuliko saa sita ya usiku. Wenzetu wa Makete na Kitulo, kule juu zaidi, baridi yao inazidi hii.

Mvua huku ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili au Mei, hatuna vuli na masika kama Pwani, kwa hiyo mahindi panda zikianza tu.