Okestra ya Kinshasa ni ya kanisa, si ya taifa

Hapana mkuu, ile okestra ya Kinshasa (ya muziki wa klasiki, si bendi ya dansi) uliyoiita ya serikali ya Kongo si ya serikali. Ni ya kanisa la Wakimbangu, na jina lake lenyewe linasema: Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Aliyeianzisha mwaka 1994 ni Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa hilo. Kabla ya hapo alikuwa rubani. Mwanzoni violini zilikuwa chache kuliko wapigaji, basi wakawa wanapokezana, na uzi ukikatika walifunga hata waya wa breki ya baiskeli.

Huku Kigoma tunachanganya kwa sababu muziki wa Kongo tuliouzoea ni dansi na kwaya. Mtu akiona violini nyingi namna ile mtandaoni anadhani lazima rais ana mkono wake. Mimi nimeijua kupitia mwalimu wetu wa kwaya hapa Ujiji, yeye anawafuatilia sana.

Ukitaka kuwasikia, anza na Kinshasa Symphony, filamu ya Wajerumani ya 2010. Humo wanapiga simfoni ya 9 ya Beethoven, mtunzi Mjerumani, na waimbaji wanahangaika na maneno ya Kijerumani mpaka yanakubali. Ila usitegemee sauti safi ya studio, maana kuna mahali umeme unakatika muziki ukiwa umepamba moto (hilo sisi tunalielewa bila tafsiri). Okestra ya taifa hasa, iliyoundwa na serikali, ipo Ghana: ya enzi za Nkrumah, 1959.