Guido da Vigevano alichoraje asichoruhusiwa kukipasua?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasoma udaktari, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba Guido da Vigevano, tabibu Mwitaliano aliyemtibu malkia wa Ufaransa, alitoa kitabu cha michoro ya viungo vya ndani mwaka 1345. Humo humo anasema Kanisa limekataza kupasua maiti. Sasa michoro aliitoa wapi? Halafu jina hilohilo nimelikuta kwenye habari za magari ya vita. Ni yeye?

JIBU: Marahaba. Ni yeye, na hilo la magari tulimalize kwanza.

Guido alizaliwa karibu mwaka 1280, na jina lake ni la mji wa Vigevano, huko Lombardia. Alimtumikia Kaisari Henry wa 7, aliyefariki Italia mwaka 1313. Baadaye akahamia Ufaransa, akawa tabibu wa Jeanne wa Burgundy, mke wa Mfalme Philip wa 6. Mfalme huyo alikuwa akijiandaa kwa vita vya msalaba, yaani safari ya Wakristo kwenda kupigania Nchi Takatifu, na mwaka 1335 Guido akamwandikia kitabu kiitwacho Texaurus regis Francie, yaani hazina ya mfalme wa Ufaransa. Sehemu ya kwanza ni ya afya: namna mfalme mtu mzima atakavyojitunza safarini na kujikinga na sumu. Sehemu ya pili ni mitambo: madaraja na mashua za kubebwa vipandevipande juu ya farasi na kuungwa huko huko, na gari linalosukumwa na mapanga kama ya kinu cha upepo, nguvu ikipelekwa kwenye magurudumu kwa gia za mbao. Safari yenyewe haikufanyika. Mwaka 1337 Philip alikuwa vitani na Uingereza. Usishangae tabibu kuchora mashua. Tabibu wa ikulu aliajiriwa kulinda uhai wa bwana wake, na vitani uhai hauhatarishwi na homa peke yake.

Sasa maiti. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza, na walimu wao pia.

Amri ambayo watu huitaja ni ya Papa Boniface wa 8, ya mwaka 1299. Ukiisoma, inazungumzia jambo jingine. Wakubwa waliofia mbali na kwao walikuwa wakikatwakatwa na kuchemshwa mpaka nyama itoke, ili mifupa isafirishwe kuzikwa nyumbani. Papa aliliona hilo ni chukizo, akaagiza watakaolifanya watengwe na Kanisa. Shule za utabibu hakuzitaja. Kweli wapo walioipanua amri hiyo au kuiogopa, lakini Mondino de' Liuzzi, mwalimu wa utabibu, alikuwa akipasua maiti mbele ya wanafunzi Bologna, Italia, na mwongozo wake wa kazi hiyo ni wa mwaka 1316.

Kwa hiyo, Guido anapoandika kwamba Kanisa limekataza, usiishie hapo. Katika utangulizi wa kitabu hichohicho cha 1345 anadai kwamba yeye mwenyewe amepasua miili ya watu mara nyingi! Kisha anatoa sababu ambayo mimi naiamini kuliko ile ya Kanisa: harufu. Mwili ukishafunguliwa, anasema, inabidi kufanya haraka kwa sababu ya uvundo, na tabibu anaondoka ameona mambo juujuu tu. Mchoro hauozi, unaweza kuurudia. Tuliopita kwenye chumba cha maiti tunamwelewa, na sisi tuna fomalini, dawa ya kuzuia maiti isioze. Wakati ule hata mpangilio wa kazi uliamuliwa na kuoza: tumbo kwanza, kisha kifua, kisha kichwa, mwisho mikono na miguu.

Michoro yenyewe imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Condé, Chantilly, Ufaransa. Maiti amesimamishwa wima na tabibu amesimama ubavuni mwake, kamkumbatia kwa mkono mmoja, kisu katika mkono mwingine. Ninayoipenda zaidi ni ile ya kufungua fuvu kwa nyundo na patasi, halafu zinazofuata zikionyesha tando za ubongo, na uti wa mgongo.

Lakini swali lako, michoro aliitoa wapi, lina jibu jingine pia. Tazama mchoro wa mwanamke. Mji wa mimba una vyumba 7. Imani hiyo ilikuwa imezagaa vitabuni kabla yake, na Mondino aliiandika vilevile. Hakuna mwanamke mwenye mji wa mimba wa namna hiyo, na kisu kisingeweza kumwonyesha vyumba hivyo 7. Hapo Guido alichora alichokisoma. Kwa hiyo kila mchoro wake uupime peke yake: fuvu alilijua kwa mikono, mji wa mimba aliujua kwa kitabu.