"Imekuponya" au "imekuokoa"?
Ndugu, umeuliza kwa nini Yesu anasema mahali pengine "imani yako imekuponya" na pengine "imani yako imekuokoa". Kwa Kigiriki, lugha ya asili ya Agano Jipya, ni neno moja, sozo, yaani kuponya au kuokoa. Maneno aliyoambiwa mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 (Marko 5:34) na aliyoambiwa yule mwenye dhambi aliyempaka Yesu miguu marhamu (Luka 7:50) yanafanana herufi kwa herufi: he pistis su sesoken se ("imani yako imekuponya/imekuokoa"; sesoken hutokana na sozo). Biblia ya Union, tafsiri ya Kiswahili, imeandika "imekuponya" kwa wa kwanza kwa kuwa alikuwa mgonjwa, na "imekuokoa" kwa wa pili kwa kuwa alisamehewa dhambi. Ila si kila uponyaji umeandikwa kwa sozo. Soma Luka 17: wakoma 10 wote walitakasika (hapo neno ni jingine, si sozo), lakini "imani yako imekuokoa" aliambiwa mmoja tu, Msamaria aliyerudi kushukuru.