Muulize Shangazi: Ukiitwa kikazi jiji kubwa

Shikamoo Shangazi. Mimi ni afisa mauzo, na kila baada ya muda natumwa jiji kubwa kukutana na wateja kwa siku nne au tano. Saa mbili asubuhi niko kwenye mkutano wa kwanza, mingine imepangwa mfululizo hadi jioni, na katikati nakwama kwenye foleni ya magari. Mchana nakula kilicho karibu, mara nyingi keki na soda ndani ya teksi. Usiku wateja wanataka twende kula, nami naona aibu kukataa. Nikirudi hotelini saa nne ndipo naanza kuandika ripoti. Usingizi hauji, tumbo linajaa gesi, nguo zinanibana, na nikifika nyumbani nashinda kitandani. Nilijiwekea masharti ya chakula yakanishinda siku ya pili tu. Nifanyeje?
*Msafiri, nguo zimembana*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia, na kilichonigusa zaidi ni pale unaposema masharti ya chakula yalikushinda. Mimi nakuambia hukushindwa wewe. Ratiba uliyopewa haina mahali pa mtu kula. Ukimweka yeyote kwenye mikutano tangu saa mbili hadi jioni, bila hata nusu saa ya kukaa mezani, naye ataishia kwenye hiyo keki ya ndani ya teksi. Kwa hiyo sianzi na sahani yako. Naanza na ratiba, tena wakati begi bado liko tupu.

Mjue anayeipanga. Kama ni wewe, vizuri. Kama ni mwingine ofisini, mwendee kabla hajathibitisha chochote kwa wateja. Mwambie aandike chakula cha mchana kama anavyoandika mkutano: saa saba hadi saa nane, pasipoguswa. Nilipokuwa mkaguzi wa hesabu nilitembezwa na kazi hiyo majiji mengi, na kila ratiba niliyoletewa niliirudisha ikiwa na mstari huo. Maelezo yangu kwa wakubwa yalikuwa mafupi: hesabu zilizokaguliwa na mtu mwenye njaa hukaguliwa tena kesho yake. Hakuna aliyenibishia. Nawe una hoja yako. Mteja wa saa tisa alasiri anastahili akukute na akili iliyotulia kama ya saa mbili asubuhi.

Kisha tazama ramani. Jijini, kilomita chache zinaweza kukula saa nzima barabarani, na saa hiyo ndiyo iliyokuwa ya chakula chako. Wateja wa upande mmoja wa mji waweke siku moja, wa upande mwingine siku nyingine. Wengine waombe wakufuate unapofikia. Utashangaa ni wangapi watafurahi kutoka ofisini kwao. Na mikutano minne iliyoandaliwa vizuri naipenda kuliko saba ya kukimbizana, ambayo hata majina ya watu utakuwa umeyasahau jioni.

Sasa tuje mezani. Mlo wa asubuhi hotelini ndio pekee usiotegemea mteja, foleni wala bosi, kwa hiyo uushike kwa mikono miwili. Amka mapema upate kula umekaa. Weka mayai au maharage au mtindi, weka tunda zima, weka mkate wa ngano isiyokobolewa ukiwepo. Vyakula vya protini na vyenye nyuzinyuzi hukaa tumboni muda mrefu, wakati keki na juisi ya sukari hukuacha unatafuta kitu kingine saa nne. Na nikiwa hapo hapo kwenye bafe: chakula kilichopikwa kinatakiwa kiwe cha moto kweli. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kiwekwe juu ya nyuzi joto 60, na kisikae zaidi ya saa 2 nje kikiwa kimepoa. Ukikuta trei ya vuguvugu, ipite. Kuharisha katikati ya safari ya kazi ni balaa.

Begi lako la kazi liwe na chupa ya maji, karanga zisizo na chumvi, na tunda la kumenya. Hivyo si mlo. Ni vya kukuvusha pale mkutano unapopitiliza, usije ukafika kwenye chakula cha usiku ukiwa umelegea kwa njaa.

Kuhusu hicho cha usiku, usikubali kila mwaliko. Chagua jioni moja, au mbili kama biashara inadai hivyo, na wengine waalike wewe kwa kifungua kinywa au chakula cha mchana. Anayetoa mwaliko ndiye anayechagua mahali na saa, kwa hiyo tangulia kualika. Sema saa moja jioni, mahali panapopika mboga na samaki au nyama ya kuchoma, si vya kuzamishwa kwenye mafuta tu. Saa kumi na moja uwe umekula tunda na karanga zako. Ukifika mezani utaweza kuongea na mteja badala ya kuumaliza mkate uliowekwa mwanzoni. Pombe, kama hunywi, sema hunywi na uishie hapo. Huhitaji kumpa mtu sababu. Kama unakunywa, kumbuka kwamba pombe hukulaza haraka lakini hukata usingizi nusu ya pili ya usiku, na unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Tena vyakula vya mahotelini vina chumvi nyingi. Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote ulivyokula. Chumvi ikizidi huzuia maji mwilini, miguu ikavimba na kiuno cha sketi kikabana. Huenda sehemu ya huo unene unaouona ni hiyo, na itashuka yenyewe siku chache baada ya kurudi kwenye chakula chako.

Ripoti ya saa nne usiku iondoe. Nasema hivyo bila kusitasita. Baada ya kila mkutano kaa dakika 15 pale pale mapokezi, au ndani ya gari ukiwa safarini, uandike yaliyoafikiwa, nani atafanya nini na lini. Jioni unayaunganisha kwa nusu saa na kutuma. Bosi anayedai maandishi marefu kila usiku muulize kwa heshima kama muhtasari utamtosha hadi utakaporudi. Ukimwogopa, jua kwamba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa matokeo yao pamoja: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo juu kwa asilimia 17. Jumlisha saa zako za safari, kuanzia mkutano wa kwanza hadi unapofunga kompyuta, uone umefika wapi.

Usingizi wa usiku wa kwanza usiutarajie makubwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba mtu akilala mahali pageni kwa mara ya kwanza, upande mmoja wa ubongo hubaki macho zaidi ya mwingine, ukisikiliza. Mwili unakulinda tu. Ndiyo maana nashauri ufike mapema jioni iliyotangulia, na mkutano mzito kuliko yote usiwekwe asubuhi ya kwanza. Omba chumba kilicho mbali na lifti na barabara. Kiyoyozi kishushe chumba kiwe na ubaridi kidogo. Kahawa ikome mchana: kwa watu wengi, baada ya saa 5 hivi nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni bado kinakukesha saa tatu usiku. Na usifanye kazi juu ya kitanda. Meza ipo, kiti kipo, kitanda kiachie usingizi.

Baada ya chakula cha usiku tembea dakika 15. Waulize watu wa mapokezi barabara ipi ni salama saa hiyo. Kama hakuna, korido na ngazi za hoteli zinatosha. Sukari ya damu haitapanda sana kama ambavyo ingepanda ungekwenda kujilaza, na gesi hiyo unayoilalamikia itapata njia.

La mwisho kwako, omba siku moja ya kurudi isiyo na kikao. Usiiombe kama fadhila. Iandike kwenye ratiba ile ile ya safari, chini ya siku ya mwisho, kabla haijasainiwa.

Dada mpendwa, nina miaka 57, nina kisukari na najidunga insulini. Nimepangiwa safari ya kikazi kwa ndege, siku tatu, na huko saa zimetofautiana na za nyumbani kwa saa sita. Kazini hawajui hali yangu. Nitalaje na kujidunga kwa wakati bila kusumbua watu?
*Baba wa watoto watatu*

Kaka yangu, kwanza rudi kwa daktari wako wiki kadhaa kabla, ukiwa na saa za ndege mkononi. Ukienda mashariki siku inafupika, ukienda magharibi inarefuka, na dozi huenda ikahitaji kubadilishwa. Hilo usilikisie mwenyewe, na usichukue ushauri wa jirani mwenye kisukari, maana insulini yake inaweza kuwa si ya aina yako. Mwombe daktari pia barua inayosema unabeba sindano na dawa.

Insulini usiiweke kwenye begi la chini ya ndege. Huko inaweza kuganda kwa baridi, na iliyoganda hutupwa hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Beba mkononi, na kila kitu kiwe mara mbili ya unachohitaji: sindano, vijiti vya kupimia, betri. Chupa iliyofunguliwa kwa kawaida huvumilia joto la chumba lisilozidi nyuzi 30 kwa takriban wiki 4, ila soma karatasi iliyomo kwenye boksi lako, na kamwe usiiache ndani ya gari juani.

Kwenye mialiko, insulini ile ya kabla ya mlo inayofanya kazi haraka usijidunge kwa sababu mhudumu amesema chakula kiko njiani. Subiri ukione mezani. Jiko la hoteli likichelewa wewe ndiye utakayeshuka sukari mbele ya wateja. Mfukoni weka vidonge vya glukosi au soda ndogo ya sukari. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho, chukua gramu 15 za sukari, subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini urudie. Ndani ya ndege simama na unyooshe miguu, maana safari inayozidi saa 4 huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu.

Sasa nakusihi kwa jambo ambalo hukuliuliza. Mwambie mwenzako mmoja mnayesafiri naye. Mmoja tu, unayemwamini. Mwonyeshe vidonge vilipo, na mwambie ukianza kuongea mambo yasiyoeleweka akupe, na ukizimia asikutie kitu mdomoni bali aite gari la wagonjwa. Unachokiita usumbufu kitamchukua dakika tano. Kukukuta sakafuni bila kujua una nini ndiko kutakakomuumiza maisha yake yote.

Shikamoo Shangazi. Nasafiri na bosi wangu kwa mara ya kwanza. Nimesikia kwamba akiwa ugenini hupenda vijana wake wakae naye mezani hadi usiku wa manane. Mimi nisipolala saa nne nakuwa si mtu kesho yake. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?
*Kijana mgeni kazini*

Marahaba mwanangu. Mwambie mchana, mkiwa mnatoka kwenye kikao. Usingoje usiku mbele ya watu, maana hapo itaonekana unamkimbia. Sema hivi: "Mzee, leo jioni nitakuwa nanyi, ila naomba ruhusa niondoke saa tatu na nusu, nataka nipitie nyaraka za kesho nikiwa na akili safi." Wakubwa wengi hulipokea neno hilo vizuri, kwa kuwa umemwomba mapema na sababu yenyewe ni kazi yake.

Halafu uwepo wako wa jioni uwe wa kweli. Fika wa kwanza, simu iwe mfukoni, sikiliza hadithi zake, uliza maswali. Bosi wa namna hiyo mara nyingi anaogopa upweke wa chumba cha hoteli, na saa mbili za kusikilizwa vizuri zinamtosha kuliko tano za kijana anayesinzia. Saa ikifika simama, muage yeye kwanza kisha wengine, uende. Akikwambia "kaa kidogo", jibu "asante Mzee, tutaonana saa moja asubuhi kwenye chai", na uwe tayari umesimama unapolisema.