Ukishapata cheti cha VETA, bado leseni

Wadogo zangu mnaomaliza VETA, vyuo vya ufundi stadi, hapa Mtwara na pale Lindi, kila mwaka nasikia swali lile lile: "Kaka, nikishapata cheti si naanza kazi?" Utaanza. Ila uliza mapema kazi hiyo itasainiwa na nani.

Nianze na umeme, ndio ninaoujua. Cheti kinaonyesha umesoma ukafaulu. Leseni ya kufunga umeme inatolewa na EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia huduma za nishati na maji, unaiomba peke yake na kuilipia, na muda wake ukiisha unaihuisha. Ina madaraja ya herufi, na daraja lako ndilo linalosema ufike kazi ya ukubwa gani.

Umuhimu wake mtauona msimu wa korosho. Minada ikishachanganya na hela kufika Newala na Tandahimba, watu wanapaua nyumba na kutafuta fundi wa wayaringi. Unatandaza waya, unafunga meini swichi, mwenye nyumba anafurahi. Siku anapoomba TANESCO wamuunganishe, anatakiwa fundi mwenye leseni aseme kazi hii ni yangu. Huna? Basi utashawishika kumtafuta mtu akugongee mhuri kwa elfu kadhaa bila hata kufika saiti. Tabia hiyo imezoeleka, na mimi siipendi kabisa: ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini, haijapimwa, na siku nyumba ikiungua anatafutwa mwenye jina kwenye fomu. Afadhali mgawane malipo na mwenye leseni tangu mwanzo, aje akague, nawe ujifunze kwake.

Wachomeleaji mna habari nyingine. Tangu bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam likamilike mwaka 2015, kila kijana anaota kazi Madimba, kwenye kiwanda cha kuchakata gesi. Huko cheti hakitoshi, utapewa jaribio. Gumu linaloogopwa ni 6G: bomba limeinamishwa nyuzi 45, halizungushwi, wewe ndiye unayelizunguka. Tena kwa viwango vya ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, ukikaa zaidi ya miezi 6 bila kuchomelea kwa njia uliyofanyia jaribio, sifa yako imekufa. Kwa hiyo msikimbilie kulipia jaribio kwa sababu ya fununu kwamba mradi wa gesi wa Likong'o, kule Lindi, unaanza. Fununu hizo tumezizoea. Chomeleeni mageti, mkono usikauke, jaribio mlifanye kazi ikishaonekana.

Mliojifunzia gereji au mtaani hamlazimiki kurudi darasa la mwanzo. VETA ina utaratibu wa kupima ujuzi ulio nao na kukupa cheti. Wenye diploma, usajili wa fundi sanifu uko Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kufungua kampuni ya ukandarasi ni Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Na nunueni daftari leo. Andika kila kazi: mahali, tarehe, ulichofunga, nani alikusimamia, naye asaini hapo hapo saiti. Ukiulizwa uzoefu huko mbele, msimamizi huyo huenda ameshahamia Mwanza na simu hapokei.